Asubuhi Niliyopita Bila Kusalimia

Kwetu Isansa mtu mzima hakimbii. Mtoto anakimbia, mbuzi aliyekata kamba anakimbia, na mwizi wa kuku akionekana kijiji kizima kinakimbia. Lakini mwanaume mwenye ndevu zake, mwenye shamba lake la kahawa, akionekana anakimbia barabarani alfajiri bila jembe wala panga, tena bila kusalimia mtu, huyo ana habari ya kifo. Hasimamishwi, haulizwi. Waliomwona wanaacha walichoshika. Wanawake wanajifunga kanga kiunoni, wanachota unga, wanabeba kuni, wanaelekea nyumbani alikotoka. Habari kamili wataikuta huko.

Hilo nililijua tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo nilipoanza mazoezi ya mbio, katika umri ambao wenzangu wanaota vitambi, nilijificha. Nilikuwa napita nyuma ya migomba, nashuka bondeni, naingia kwenye njia ya malori ya mbao na kuhema huko peke yangu katikati ya miti. Ngedere ndio walionizoea. Nikimaliza nalitoa jembe nililolificha kwenye nyasi, naliweka begani, narudi nyumbani kwa mwendo wa mkulima aliyechoka. Mtu akinikuta na jasho ananipa pole ya kazi, nami naitikia kwamba nimeshapoa. Uongo mtupu, lakini ungefanyaje?

Sasa nieleze kwa nini mtu mwenye akili timamu anakimbia na hafukuzwi.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiti. Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa muda mrefu mpaka shangazi zangu walishaacha kuuliza, wakawa kila wakija wanamtazama tu mke wangu tumboni, wanaguna, wanaomba maji ya kunywa. Mimba ilipokuja tulinyamaza nayo. Tuliogopa hata kununua beseni. Halafu mtoto naye akawa na haraka zake, akatoka kabla ya wakati: wa kike, mdogo, mwekundu, masikio yamelala kichwani hayajakomaa. Tukapelekwa mjini kwenye hospitali yenye wodi ya watoto wa namna hiyo. Mke wangu alikuwa ametokwa na damu nyingi, hawezi hata kukaa.

Ndipo akaja yule nesi. Mama mnene, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alinikuta nimeegemea ukuta na chupa ya uji mkononi, akaniambia nivue shati. Nikamuuliza la nini. Akasema mtoto anahitaji joto la mwili wa mtu, mama yake leo hawezi, na je, hicho kifua changu nilipewa cha kuvalia shati tu? Nikavua mbele ya wodi nzima ya wanawake, aibu imenipanda hadi masikioni. Akanikalisha kwenye kiti, akamlaza mwanangu kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kitenge.

Sijawahi kushika kitu chepesi namna ile. Alikuwa anapumua, kisha anasahau kupumua. Nesi alinifundisha nikiona amesahau nimkune unyayo kwa kidole. Namkuna, anashtuka, anakumbuka, anaendelea. Basi kazi yangu ikawa hiyo, mchana kutwa, kumkumbusha mtu kupumua. Sikusikia njaa. Naweza kusema bila kuona haya kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile, na hofu kama ile, mahali pamoja.

Nesi akauliza jina la mtoto. Nikababaika. Ukoo wetu hautangazi jina mpaka mtoto atolewe nje ya nyumba, aonekane ana nguvu, na yeye hakuwa amefika hata nyumbani. Nesi akasema pale wodini hamna mtoto asiye na jina, watamwitaje sasa, we kijidudu? Nikatazamana na mke wangu kitandani. Yeye ndiye aliyelisema, kwa sauti ndogo. Tangu siku hiyo nesi akawa ananiita Baba, halafu jina la mtoto. Ananiita kutoka mwisho wa korido, watu wote wanageuka: njoo umbebe mwanao, njoo uchukue maziwa, Baba fulani, mbona umelala?

Mtu asiye wa huku anaweza asielewe uzito wake. Kwetu mtu akishapata mtoto, jina lake la zamani linawekwa kando. Anakuwa baba wa fulani kwa majirani, kanisani, kwa mkewe mwenyewe. Wenzangu wote niliochunga nao mbuzi walishavuka. Mimi tu ndiye niliyebaki naitwa jina la kwenye rejista ya shule, au "fundi", kwa sababu wakati wa kiangazi nilikuwa nakwenda Tunduma kushona maturubai ya malori. Kwenye vikao vya kijiji vijana wadogo kwangu wanaitwa baba fulani, baba fulani, kisha mwenyekiti ananigeukia mimi, "Na wewe, fundi, unasemaje?" Unacheka nao, lakini inauma. Inauma kweli.

Aliongezeka uzito, tukaruhusiwa. Tukamleta nyumbani, tukaendelea kumbeba kifuani kwa zamu, tumefunga madirisha, hatumwonyeshi mtu. Ulikuwa msimu wa kahawa, na kahawa mbivu haingoji. Ukiichuma leo lazima ifike kwenye mtambo leo, la sivyo inachacha. Asubuhi moja nilimwacha kifuani kwa mama yake anapumua vizuri tu, nikaenda na magunia yangu. Foleni ilikuwa ndefu.

Niliporudi nilimkuta bibi jirani yetu uani, ananawa mikono kwa maji ya moto yenye majani.

Huyu bibi lazima nimweleze. Ni mjane, shamba lake limepakana na langu, na ndiye mkubwa wa kina mama wa upande wetu. Anajua kuzalisha, kuosha maiti, kupatanisha wanandoa, na kununa. Tulikuwa hatuelewani kwa ajili ya kuku wangu, ambao kila akianika ulezi wake wanakwenda kumsaidia kuula. Ana gubu huyu mama, acha tu. Siku hiyo hakuwa na gubu. Alinitazama, akakausha mikono kwenye kanga, akaniambia imeshakwisha, mwanangu, rudi ukamalizie kahawa yako.

Kwenye ukoo wetu mtoto ambaye hajaota meno hawekewi msiba. Kina mama watu wazima wanamzika wenyewe, kimya kimya, kwenye migomba. Baba haitwi, hakuna kilio cha sauti, hakuna moto wa wanaume uani, mchungaji anakuja jioni kuomba na kuondoka. Wanasema ukimlilia sana unamfungia njia mwingine. Nilikuwa nimeyasikia hayo maisha yangu yote na nikiyaona ya busara kabisa, yalipokuwa ya watu wengine.

Hakuna aliyekuja kunipa pole. Wangenipaje, na hapakuwa na msiba? Kesho yake nilikutana na watu njiani, wakanisalimia habari za kahawa.

Mke wangu alikaa ndani. Maziwa yalimjaa, yanamwuma, anayakamua ukutani nyuma ya jiko. Kila nikifungua mdomo zinatoka habari za mbolea. Mvua za kwanza zilipoanza mama yake akamfuata, akampeleka kwao Itumba, huko Ileje, kupumzika kidogo. Hicho kidogo kikaota mizizi. Nilimfuata mara moja, nikapanda magari mpaka Ileje na jogoo kwenye kikapu. Alinipikia vizuri, akaniuliza habari za majirani, akanionyesha maharage ya mama yake kwenye mteremko. Jina la mtoto halikutajwa na yeye wala mimi. Tulilikwepa, tukalizunguka siku nzima, na jioni nikapanda gari nikarudi.

Nyumba ya mtu mmoja inachosha. Unapika ugali mkubwa kwa mazoea, kisha unautazama. Niliweka redio iseme tu, hata matangazo ya bei ya mbegu nilikuwa nayasikiliza kwa makini. Na ni redio hiyo hiyo iliyosema siku moja kwamba hospitali ile inaongeza jengo la watoto, kutakuwa na mbio za hisani za kuichangia, moja Tunduma na nyingine Vwawa, wenye mapenzi mema wajitokeze. Nilizima redio nikakaa. Dunia nzima, nilijiambia, ni mahali pamoja tu nilipowahi kuitwa baba, na sasa wanaomba msaada. Ningekataa vipi?

Basi nikajitokeza.

Tunduma naifahamu kama kiganja changu. Nafahamu foleni ya malori inavyojipanga kuelekea mpakani, moshi wake, mama lishe wanaopita na masufuria kati ya magurudumu. Lakini sikuwahi kuipita kwa kukimbia nimevaa kaptula. Madereva wa Zambia niliowashonea maturubai miaka na miaka walitoa vichwa madirishani. Mmoja akanisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, fundi," akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mpakani nimeiba nini mpaka nakimbia na wenzangu wote hawa. Nikacheka, nikapunga mkono. Mguu unaniuma, mbavu zinanichoma, na nyuma yangu mama mmoja wa ofisini ananipita anaongea na simu.

Wengi walikuja kwa vikundi. Wa ofisi hii, wa kanisa lile, wa shule. Wanapiga picha, wanaitana, wanafungana pini za namba kifuani. Mimi namba yangu niliifunga mwenyewe, nikaiweka pale alipokuwa analala. Mgongoni mwa fulana palikuwa pameandikwa "Nakimbia kwa ajili ya", kisha nafasi tupu, na binti mmoja amesimama na kalamu ya wino mzito anawajazia watu. Mama yangu. Wagonjwa wote. Yesu. Ilipofika zamu yangu akaniuliza, "Wewe nani, baba?" Ningeliandikaje jina la mwanangu mgongoni kwa watu wa Tunduma walisome, na watu wa kwetu hawajawahi kulisikia? Nikamwambia aache tu. Akaniacha na mgongo mtupu.

Nilimaliza karibu na mwisho. Wakanivisha medali, wakanipa ndizi na maji. Kila aliyemaliza alikuwa na mtu wa kumrukia. Nilisogea pembeni kwenye ukuta, nikala ndizi yangu. Nikampigia mke wangu simu, nikamwambia nimekimbia mbio za ile hospitali. Kisha akauliza kama nilishinda. Nikasema hapana. Akasema sawa, na kwamba Itumba kuna ukungu sana siku hizi.

Ungefikiri ningeacha. Lakini ya Vwawa nayo nikajiandikisha, na sababu nitaisema wazi: nilisikia kwamba wauguzi wa wodi ile watakuwepo kwenye mstari wa kumalizia, wanagawa maji. Yule nesi angekuwepo. Nilitaka aniite mara moja tu, kwa ile sauti yake. Nilikuwa nafanya mazoezi bondeni huku nausikia mwito wenyewe, halafu naongeza mwendo.

Siku ilipofika, gari nililopatana nalo lipite kunichukua alfajiri halikuja. Nikasubiri barabarani, naruka ruka kwa baridi. Ilikuwa kipupwe, ukungu umekaa juu ya kahawa, na juu ya fulana yangu ile ya Tunduma nilikuwa nimevaa koti langu refu jeusi la kanisani. Simu nimeiacha ndani, kwa kuwa kaptula haina mfuko wa maana, na mlango nimeutia kufuli. Nilipoona kunapambazuka na gari hakuna, nikajua dawa ni moja: nikimbie mpaka njiapanda, nikadandie magari yanayotoka upande wa pili.

Nikakimbia. Kijiji kizima kiko njiani mwangu: nyumba ya bibi, kanisa, maduka. Mnajua salamu zetu. Ukisema "shikamoo" umejifunga. Utaulizwa nyumbani, shamba, mahindi, kuku, na wewe uulize vyote hivyo kwa zamu. Nikajiambia leo watanisamehe, nitawasalimia jioni. Bibi alikuwa anafagia uwanja. Aliinua kichwa, akaniona, na ufagio ukamtoka mkononi. Nikadhani ni kuku tena. Nikaongeza mbio.

Sikufikiria. Wallahi sikufikiria kabisa. Nilizaliwa pale, nimekulia pale, na sikufikiria.

Vwawa nilifika watu wanapanga mstari. Sitaeleza mbio zenyewe. Mbio zote ni maumivu yale yale. Nilikimbia vizuri kuliko Tunduma. Na mwisho, baada ya mstari, kwenye meza ya maji, alikuwepo. Mnene vile vile, kofia ya jua kichwani, anawapigia kelele watu wasisimame njiani. Nikajipanga. Nikafika mbele yake, nimevua koti, namba kifuani, natabasamu kama mjinga.

Akanipa chupa. "Hongera, kaka," akasema, macho yameshamfikia aliye nyuma yangu.

Simlaumu. Watoto wangapi wamepita mikononi mwake tangu wetu, na baba wangapi waliovuliwa mashati? Nilisema asante. Nikaenda nikakaa kando ya gari moja lililoegeshwa, kwenye kivuli, nikafunika uso kwa koti, nikalia kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kahawa. Nililia kwa sauti ndogo, maana nimefundishwa hivyo.

Kurudi, kutoka njiapanda nilipanda bodaboda. Yule dereva alinitazama, akavua kofia, akaniambia pole sana kwa msiba. Nikamuuliza msiba gani. Akasema huo wa kwako, watu si wamejaa kwako tangu asubuhi? Na nauli akakataa kabisa kuisikia. Nikakaa nyuma yake nikihesabu watu wa nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu hakuna mtu. Nyumbani kwangu ningefiwa na nani, kama si yule aliye Itumba? Alikuwa amekonda. Alikuwa haongei. Mbona sikumfuata, mbona nilikwenda kukimbia?

Uani palijaa. Mabenchi ya kanisani yamepangwa, wanaume wamekaa wamezunguka moto, kina mama wako kwenye masufuria nyuma, moshi kila mahali. Ndani ya nyumba iliyofungwa kufuli simu yangu inaita, inakatika, inaita. Bibi aliponiona akaanza kilio, na wenzake wakakipokea. Nikamshika mabega, nikamwuliza, "Mke wangu amekufa saa ngapi?"

Kilio kikasimama. Bibi akanitazama, machozi bado yanamtiririka.

"Si wewe ndiye uliyetuletea habari?"

Taratibu, mmoja mmoja, ikawaingia. Waliniona nimepita mbio na koti jeusi, sisalimii. Wakaja wakakuta kufuli, simu inalia ndani. Wakapiga hesabu zao wenyewe: mkewe mgonjwa yuko kwao, basi ni yeye. Mtu akawatumia wakwe zangu ujumbe wa pole. Wakwe zangu, ambao binti yao alikuwa mbele yao anachambua maharage, wakaona basi aliyekufa ni mkwe wao. Wakapiga simu yangu. Haipokelewi.

Tulikuwa hatujamaliza kuelewana pale uani ikaingia bodaboda nyingine, na juu yake mke wangu, kanga imemvuka begani, ameshalia mpaka sauti imekauka. Aliruka kabla pikipiki haijasimama. Akaniona. Akanijia, akaanza kunipiga kwa ngumi mbili kifuani, kwenye ile namba, hasemi neno, ananipiga tu. Nilimwacha. Alipochoka akaegemea hapo hapo alipokuwa anapiga.

Sasa watu wakaanza kucheka. Si kwa ubaya; wamekaa na huzuni tangu alfajiri, na waliyemlilia kumbe huyu hapa amesimama. Mwanaume mmoja akasema huu ni msiba wa kwanza kuuona wa kuvaa medali. Wengine wakaanza kujikung'uta nyasi, kuinua mabenchi. Bibi hakucheka. Alikuwa amekasirika hasa. Akaniuliza nimewatoa watu mashambani kwa ajili ya nini, unga wa watu umeshapikwa, kuni zimeshaungua, na mtu mzima mwenye akili anakimbia kwa ajili ya nini?

Nikageuka niondoke, mke wangu ameniegemea begani, koti mkononi, maana nilikuwa nimefika mwisho. Binti mmoja wa sekondari akasoma mgongo wangu kwa sauti: "Nakimbia kwa ajili ya..." Akasema hapo mbele ni patupu.

"Kwa ajili ya nani?" bibi akauliza.

Mimi nina hasira, sikatai, lakini kwa kawaida ni za kuku na mipaka ya shamba. Zile zilikuwa nyingine. Nikamgeukia. "Kwa ajili ya mwanangu," nikamwambia. "Yule uliyemzika wewe nikiwa kwenye kahawa, ukaniambia nirudi nikamalizie."

Kila aliyeshika benchi alilishusha. Bibi alivuta midomo yake ndani. Nilimwona anatafuta la kusema, na alilolipata ni lile analolijua.

"Hakuwa na meno," akasema, kwa sauti ya chini.

"Alikuwa na jina, bibi." Aliyesema alikuwa mke wangu. Hakuinua kichwa kutoka begani kwangu, lakini uani wote walimsikia.

Bibi akamgeukia. Kisha akauliza, "Jina gani?"

Mke wangu akalitaja. Mimi sitaliandika hapa. Waliokuwepo walilisikia, wanatosha. Lilikuwa geni kulisikia nje, kwenye hewa, katikati ya watu na moshi. Bibi alilirudia mdomoni mwake taratibu. Halafu akaifungua kanga yake, akaifunga upya kiunoni, akakaa chini kwenye majani na miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyokaa kina mama msibani.

"Kaeni," akawaambia watu. "Mnakwenda wapi, na msiba ndiyo kwanza umeanza?"

Wakakaa. Wanaume wakayarudisha magogo kwenye moto. Na yule bibi, mwenye gubu, aliyemwosha mwanangu na kumfunika udongo bila kutoa sauti, akafungua koo lake akamlilia kwa jina. Kina mama wakapokea. Mke wangu akaniacha, akaenda akakaa katikati yao, na nikamsikia analia kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Nilikaa kwenye benchi na wanaume. Hawakusema mengi. Mmoja aliweka mkono mgongoni kwangu, akauacha hapo. Wengine walikuwa wanakuja kunishika mkono kwa zamu, wananipa pole, ile pole niliyoingoja tangu msimu ule wa kahawa, na kila mmoja nilimwitikia nikiwa nimekwisha kabisa.

Jua liliposhuka chakula kikaiva. Kina mama wakapakua, mke wangu akaja akakaa karibu nami, macho yamevimba. Bibi alisimama mlangoni mwa jiko na jagi la maji ya kunawa, anatafuta mtu kwa macho. Akaita Baba, kisha jina la mwanangu, njoo unawe mikono. Nikatazama huku na huku kuona nani anaitwa. Akaita tena. Mke wangu akanigusa kiwiko.

"Unaitwa," akasema.